Nusu Ng'ombe Iliyoizuia Timu Kuhama

Kama mtu angemwambia Impi Rautio kwamba ipo siku atauza timu nzima ya hoki ya barafuni kwa vipande vya nyama ya nguruwe, angecheka mpaka meno ya bandia yamdondoke. Na kumbe aliiuza. Aliiuza Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, saa moja jioni, mbele ya watu wasiopungua mia tisa walioingia na kutoka, kipaza sauti mkononi, na usiku ule akalala usingizi mtamu kama mtu aliyefanya jambo la maana.

Ilikuwa hivi. Pale Kettle Ridge, kaskazini mwa Minnesota, kila Ijumaa watu hukusanyika kwenye ukumbi wa maveterani wa vita kwa bahati nasibu ya nyama. Unanunua tiketi, namba yako ikiitwa unakwenda mbele, unachukua bekoni yako au kuku wako, unarudi kukaa. Kanuni ni moja tu: lazima uwepo mwenyewe. Namba ikiitwa nawe uko chooni, imekula kwako, na hakuna aliyewahi kusamehewa, hata mchungaji. Mwitaji wa namba kwa miaka kumi na tisa alikuwa Impi, mjane wa miaka sabini na mbili, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kusimamisha treni.

Ijumaa ile alikuja Bwana Dale Thorsgard, mwenyekiti wa timu yao, Wachimba Chuma. Alikuja na gari zima la nyama ya mbavu, na bunda la karatasi za rangi ya waridi.

"Bi Impi," akasema, akionyesha meno yake yote, na alikuwa nayo mengi, "leo kila mwenye hisa anapata mbavu bure. Asaini tu hapa, tunaweka anwani zao sawa."

Karibu kila mtu mzima pale mjini alikuwa na hisa. Mwaka ule mgodi ulipofungwa na tajiri aliyekuwa na timu akaondoka na mgodi wake, watu walichanga dola kumi kumi wakainunua timu wenyewe. Hisa moja kwa kila mtu, wala haileti faida hata ya senti. Kazi yake ni kutiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani, juu ya televisheni, ili mgeni akiingia aulize.

Basi foleni ikapangwa mpaka nje kwenye theluji. Na pale watu wana adabu zao: kuichelewesha foleni ya nyama ni aibu kuliko kukopa. Mtu mmoja tu ndiye aliyejaribu kuusoma ule waraka, naye ni Zofka Peterlin, shoga yake Impi, aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Alivaa miwani, akaanza na mstari wa kwanza.

"Zofka!" Impi alimngurumia kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukageuka. "Hiyo ni karatasi ya mbavu, mama, siyo Biblia! Saini, chukua nyama, kakae!"

Watu wakacheka. Zofka akasaini, uso mwekundu. Wengine wote waliofuata wakasaini bila hata kuinamisha shingo.

*

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, Zofka alitoa zile mbavu kwenye friza. Alikuwa amezifunga kwa nakala ya ile karatasi ya waridi, kwa kuwa Zofka hatupi karatasi, hata ya pipi huinyoosha. Akaibandua polepole, akaikausha juu ya jiko, akavaa miwani. Sasa hapakuwa na wa kumpigia kelele. Akasoma mpaka mwisho.

Impi alikuwa jikoni kwake akinywa kahawa ya tatu ya asubuhi pale Zofka alipoingia bila kubisha hodi, karatasi mkononi, ikinuka nguruwe.

"Soma," akasema.

"Miwani yangu..."

"Basi sikiliza, na leo huna kipaza sauti. 'Mimi niliyesaini hapa chini nampa mwenyekiti kura yangu, aipige kwa niaba yangu katika mkutano wa wenye timu, kwa jambo lolote litakaloletwa.' Umesikia hapo pa jambo lolote?"

"Jambo gani?"

Zofka akafunua gazeti la juzi, ukurasa ule wa matangazo ya serikali ambao hutumika kuwashia moto. Chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na chungu, palikuwa na tangazo. Mkutano wa wenye Wachimba Chuma, Jumamosi saa nne asubuhi, ofisi ya juu, ukumbi wa barafu. Ajenda: kuihamishia timu Arizona.

"Arizona?" Impi akaweka kikombe chini. "Kule si jangwani? Barafu wataitoa wapi?"

"Jumamosi hii, Impi. Keshokutwa."

Hapo Impi akakaa kimya, jambo ambalo Zofka alikuwa hajaliona tangu msiba wa mumewe, Eino. Jumamosi ile ilikuwa siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu. Siku hiyo Kettle Ridge hubaki paka na wagonjwa. Wanaume kwa wanawake wako msituni toka alfajiri, kila mmoja juu ya jukwaa lake la mbao mtini, kimya, bunduki magotini, na mahali pake ni siri ambayo hata mkewe haijui. Tena wengi walikuwa wameshaondoka tangu Jumatano kwenda kutengeneza kambi, na kambini hakuna simu.

"Ameichagua siku," Impi akasema taratibu.

"Ameichagua. Karatasi anazo zaidi ya mia tisa, na sisi wote tuko kama elfu moja na mia nne. Atakuja yeye na kahawa yake, apige kura mia tisa peke yake, saa tano amemaliza."

Impi alitazama nje dirishani. Eino wake aliendesha ile mashine ya kulainisha barafu kwa miaka ishirini na sita. Alizikwa na skafu ya timu. Lakini si hilo lililomkaa kooni. Kilichomkaa kooni ni sauti yake mwenyewe: saini, chukua nyama, kakae. Thorsgard alileta karatasi tu. Aliyewaswaga watu kama kondoo ni yeye. Timu ikienda, kila fremu juu ya kila televisheni itakuwa inamwangalia yeye.

"Hakuna dawa?" akauliza. "Wewe umekaa mahakamani miaka yote ile, usiniambie ulikuwa unachonga penseli tu."

"Ipo," Zofka akasema, na sasa akakaa, akajimiminia kahawa bila kuombwa. "Katiba ya timu, kifungu cha tisa, niliichapa mimi. Mwenye hisa akifika mkutanoni kwa miguu yake kabla kura hazijahesabiwa, karatasi yake imekufa. Anapiga mwenyewe."

"Kwa hiyo lazima wawepo wenyewe."

"Lazima wawepo wenyewe. Na Thorsgard asijue. Akijua ataahirisha, siku nyingine tusikie mkutano umefanyika Arizona."

Wakatazamana. Kisha Impi akaanza kutabasamu, kwanza upande mmoja wa mdomo, halafu upande wa pili. Zofka akasogeza kiti nyuma kidogo. Tabasamu lile alilifahamu toka darasa la pili, na halikuwahi kumletea heri na walimu.

"Shoga," Impi akasema, "kwenye friza langu kuna nini?"

"Nusu ng'ombe. Unatuambia kila mwaka."

"Ndiyo. Nusu ng'ombe."

*

Kila jioni ya msimu wa kuwinda, saa kumi na mbili, redio ya pale husoma salamu za kambini. Hakuna kambi isiyosikiliza, maana ndiyo simu yao. Mwambieni Reino mkewe amesema ng'ombe amezaa. Mwambieni Urho amesahau meno yake bafuni. Ijumaa ile mtangazaji, baada ya salamu kumi na kitu, alikohoa akasema:

"Hii inatoka kwa Bi Impi Rautio, na ameniambia niisome kama alivyoandika. 'Kwa kambi zote. Kesho Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbi wa barafu, bahati nasibu ya nyama. Zawadi ni moja: nusu ng'ombe, mnono, amekatwa na kufungwa. Tiketi bure kwa kila mwenye hisa ya timu. Lazima uwepo mwenyewe. Kulungu anaweza asije. Ng'ombe wangu tayari amekufa.'"

Thorsgard naye alisikia, akiwa mezani na mgeni wake kutoka Arizona, aliyekuja kuichukua timu. Akacheka mpaka akapaliwa na samaki. "Siku ya kwanza ya kuwinda hawashuki mtini hata kwa ng'ombe mzima. Hawa ndio watu wangu," akamwambia mgeni. "Unaona ninavyoteseka?"

Impi kwa upande wake hakucheka. Baada ya matangazo alizima redio, akakaa anaangalia mlango wa friza. Siku ya kwanza ya msimu! Nani atashuka mtini asubuhi ile? Kaka yake mdogo, Toivo, kwa miaka arobaini hajawahi kushuka kabla ya saa sita. Mwanawe wa kwanza alizaliwa asubuhi kama ile. Toivo alipata habari alipokuja nyumbani kuchukua kisu cha kuchunia kulungu.

"Toivo akija, wote watakuja," akamwambia Zofka kwenye simu.

"Na asipokuja?"

"Tutakula ng'ombe mimi na wewe, tukiangalia hoki ya Arizona kwenye televisheni."

*

Saa tatu na nusu Jumamosi wakapanda ngazi hadi ofisi ya juu. Viti ishirini. Thorsgard alikuwepo na karatasi zake za waridi mbele yake, zimepangwa kama keki. Pembeni alikaa mgeni wa Arizona, amevaa viatu vyembamba, miguu ameikunja chini ya kiti kama kuku wa mvua.

"Bi Impi! Bi Zofka!" Thorsgard akasema. "Hamkwenda kuwinda?"

"Ndiko tulikokuja," Impi akajibu, akakaa kiti cha mbele.

Saa nne kamili. Nje kimya. Maegesho yalikuwa meupe, theluji haijakanyagwa ila na gari la Thorsgard na kigari cha Zofka. Thorsgard akafungua mkutano, akashika bunda lake.

"Ajenda iko wazi, basi tupige kura."

"Mwenyekiti," Impi akanyoosha mkono kama mtoto wa shule, "kwanza tusomewe muhtasari wa mkutano uliopita."

"Bi Impi, hiyo ni kurasa kumi na nne."

"Katiba," Zofka akasema bila kuinua uso. "Kifungu cha sita."

Thorsgard akasoma. Akasoma haraka, kama mtu anayemeza dawa. Kila ukurasa wa pili Impi alimzuia.

"Rudia hapo, mwenyekiti. Hapo pa taulo za wachezaji."

"Nimeshasoma!"

"Soma herufi kwa herufi, baba. Siku hizi mimi siruhusu kitu kipite sijakielewa. Nilishawahi kufanya hivyo, imenigharimu."

Ukurasa wa tano. Wa nane. Nje bado kimya. Ukurasa wa kumi na moja, na Zofka akashusha macho, akaanza kukunja miwani yake. Ukurasa wa kumi na mbili.

Hapo kioo cha dirisha kikatetemeka kidogo.

"Nini hicho?" mgeni akauliza.

"Upepo," Thorsgard akasema.

Impi akasimama, akaenda dirishani. Upepo gani wenye taa? Barabara ya msituni ilikuwa imejaa malori madogo toka kona ya kanisa hadi macho yanapoishia, yamegusana pua na mkia, na kila aliyeshuka alikuwa amevaa rangi ya chungwa toka kofia hadi goti, kama sheria ya kuwinda inavyotaka. Lile lori la mbele, lenye mlango mmoja wa bluu na mwingine wa kutu, lilikuwa la Toivo.

Impi akashika fremu ya dirisha. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akavuta pumzi mpaka chini.

Ngazi zikaanza kulia. Mlango ukafunguka, Toivo akaingia na harufu ya moshi na kahawa ya sufuria, barafu imemning'inia kwenye sharubu.

"Dada," akasema, "dume la pembe kumi lilikuwa limesimama mbele yangu. Nimezihesabu ncha: pembe kumi! Limegeuza ubavu. Nimeliacha. Ng'ombe yuko wapi?"

"Chumba kimejaa!" Thorsgard akapiga kelele. "Viti ni ishirini tu!"

"Chini viko zaidi ya elfu," Zofka akasema, akivaa tena miwani yake. "Tuhamie chini, mwenyekiti. Si unapenda kuhama?"

*

Zofka aliweka meza mlangoni. Hakuna aliyepata tiketi ya ng'ombe bila kusaini daftari, na hakuna aliyesaini bila kusoma kwa sauti: "Nimefika mwenyewe." Foleni ilizunguka ukumbi mara mbili. Mmoja nyuma akafoka, "Harakisheni, mbele hapo!" Zofka akamtazama juu ya miwani mpaka akajifanya anafunga kamba za viatu.

Walipokaa wote, viti vilikuwa rangi ya chungwa toka barafuni hadi darini, kana kwamba jengo limewaka moto. Impi akatembea juu ya zulia mpaka katikati ya barafu ile aliyoilainisha Eino, akapewa kipaza sauti.

"Ng'ombe yupo," akaanza. Shangwe. "Lakini kwanza nina la kuwaambia, na mkishalisikia mnaweza kunila mimi badala yake."

Akawaambia yote. Karatasi ya waridi, Arizona, siku iliyochaguliwa. Hakujificha popote. "Na msimlaumu yeye peke yake. Yeye alileta kalamu. Aliyewaambia msisome ni mimi."

Ungeweza kusikia mitambo ya barafu ikinguruma chini ya sakafu.

"Ni kweli!" sauti ya mwanamke ikatoka juu. "Mimi mwaka jana nilisoma pakiti ya kuku, ukaniita mwanasheria wa kuku!"

"Nilikuita."

"Mbele ya mama mkwe wangu!"

"Na yeye akacheka sana. Samahani, Helmi."

Kicheko kikaanzia pale juu, kikateremka safu kwa safu. Toivo akasimama, mikono kiunoni.

"Dada, yaani nimeliacha dume la pembe kumi kwa ajili ya kura?"

"Kwa ajili ya timu, Toivo."

Toivo akawaza. Ilimchukua muda, na watu wote walimsubiri. "Ungesema tu," akasema hatimaye. "Kwa timu ningeshuka hata bila ng'ombe." Akageuka kwa Thorsgard. "Haya, wewe. Uliza swali lako."

Thorsgard alisimama kwenye barafu na bunda lake la waridi, ambalo sasa lilikuwa na thamani ya kuwashia jiko. Akauliza, kwa sauti ndogo, nani anataka timu ihame.

Yeye mwenyewe akanyoosha mkono. Mgeni wa Arizona naye akanyoosha, Zofka akamwambia hana hisa, akashusha.

"Nani anataka ibaki?"

Hawakunyoosha mikono. Walisimama. Elfu moja na mia moja na themanini na wawili, Zofka alikuwa na hesabu ya daftari, walisimama kwa pamoja, wakaanza kupiga buti chini, ile ngoma ya miguu wanayopiga Wachimba Chuma wakifunga bao. Vioo vya kuzunguka barafu vikatetemeka, theluji ikaporomoka paani kwa kishindo, mbwa wote wa mji wakabweka. Impi alisimama katikati, barafu ikimtetemesha nyayo, machozi yakishuka bila yeye kujali kuyafuta. Zofka, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kupaza sauti mahakamani, alikuwa amepanda juu ya meza, anapiga yowe kama filimbi ya refa.

Mwenyekiti mpya alichaguliwa hapo hapo. Zofka alikataa mara mbili, mara ya tatu akaomba kwanza asome masharti.

Ng'ombe alikwenda kwa Helmi, yule mwanasheria wa kuku. Watu wengine wakasema Impi alichungulia kwenye ndoo kabla ya kuchomoa namba. Impi alisema hana la kusema.

Majira ya baridi yale alikula supu ya njegere mpaka mwezi wa tatu. Na kila mwanaume aliyekuwepo siku ile alikuja kuapa kwamba naye aliacha dume la pembe kumi, na mwaka ulivyosonga pembe zikawa kumi na mbili. Kama wote wanasema kweli, msitu ule ulikuwa na kulungu wengi kuliko miti, na wote walikuwa wamesimama ubavu.

Ijumaa iliyofuata mkutano ule Impi alirudi kwenye kipaza sauti chake. Mzee mmoja alikuja kuchukua bekoni, akanyoosha mkono.

"Ngoja kwanza," Impi akasema. Akavaa miwani mipya, akaigeuza pakiti, akasoma kwa sauti: chumvi, sukari, moshi wa mti wa mtofaa, uzito, tarehe, jina la kiwanda na jina la mji wake.

"Impi," mzee akanong'ona, "foleni."

"Acha isubiri," Impi akasema, akageuza pakiti upande wa pili.